Mungu Anayehitaji Stima

Wengi wetu tunamkumbuka Jehovah Wanyonyi. Mzee huyu wa magharibi mwa Kenya alidai kwamba yeye ndiye Mungu mwenyewe. Alikuwa na wafuasi, alikuwa na familia kubwa, na waandishi wa habari walimtembelea mara kwa mara ili nchi ipate kicheko cha jioni. Habari za kifo chake zilipotoka mwaka 2015, wapo wafuasi wake waliokataa kuamini. Kwao ilikuwa hesabu rahisi: Mungu hafi, kwa hiyo mzee hajafa.

Tulimcheka Wanyonyi. Lakini wapo watu wengine wanaosema jambo linalokaribiana sana na lake, na hao hatuwacheki. Tunanunua vitabu vyao, tunatazama hotuba zao, tunawaalika kwenye makongamano. Tofauti ni kwamba wao wanatoka California na kwingineko ughaibuni, wana kompyuta na wana pesa. Leo nataka niseme nao kidogo. Mimi ni Mkristo, na chakula changu natafuta kwa kuandika programu, na naona pande zote mbili zina la kusema hapa.

Kwanza tuwatendee haki. Wanasema nini hasa?

Imani hii wenyewe huiita transhyumanizimu, yaani kuvuka ubinadamu. Jina hilo lilienezwa na mwanabiolojia Mwingereza Julian Huxley katika insha yake ya mwaka 1957. Huxley ndiye aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO, kwa hiyo hatuzungumzi juu ya watu wa vichochoroni. Wazo lake lilikuwa kwamba binadamu sasa anaweza kushika usukani wa mageuzi yake mwenyewe na kujipandisha hadhi.

Baadaye akaja Ray Kurzweil, mvumbuzi Mmarekani mwenye akili nyingi. Ni mtu aliyetengeneza mashine za kuwasomea vipofu, na tangu mwaka 2012 amekuwa akifanya kazi Google. Mwaka 2005 alitoa kitabu kiitwacho The Singularity Is Near, na mwaka 2024 akatoa kingine cha kukifuatia. Utabiri wake ni huu: mwaka 2029 mashine itafikia akili ya mtu, na mwaka 2045 mtu na mashine watakuwa wameungana kiasi kwamba akili yetu itapanuka mara nyingi mno na kifo kitakuwa jambo la hiari. Katika filamu ya mwaka 2009 iliyohusu maisha yake, alipofika kwenye swali la kama Mungu yupo, jibu lake lilikuwa kwamba bado hayupo. Zingatia hilo neno "bado". Maana yake ni kwamba tunamtengeneza.

Yupo pia Yuval Noah Harari, mwanahistoria wa Israeli, ambaye kitabu chake Homo Deus kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2016. Jina hilo ni Kilatini, maana yake mtu-mungu. Yeye hashangilii kama Kurzweil, anaonya pia, lakini anasema huko ndiko safari inakoelekea. Na yupo mhandisi wa magari yanayojiendesha, Anthony Levandowski, aliyesajili dini kabisa kwa ajili ya mungu wa akili bandia. Iliitwa Way of the Future. Ulimwengu ulipata habari zake mwaka 2017, ikafungwa mwishoni mwa 2020, kisha mwaka 2023 mwenyewe akasema anaifufua. Mungu wa kuwashwa na kuzimwa.

Basi, nina hoja nne. Zisome zote kabla hujaanza kunijibu.

Hoja ya kwanza: kitu kilichoanza kuwa hakiwezi kuwa Mungu.

Hii ndiyo hoja ya zamani kuliko zote na bado naona ndiyo yenye nguvu. Wakristo wanaposema "Mungu" hawamaanishi mtu mwenye nguvu nyingi sana. Wanamaanisha yule ambaye hakuumbwa, ambaye hategemei kitu, na ambaye kila kitu kingine kinamtegemea. Kati yake na viumbe hakuna ngazi ya kupandwa polepole. Ukiongeza moja mara bilioni utapata bilioni, hutafika penye ukomo. Vivyo hivyo, ukimwongezea kiumbe nguvu utapata kiumbe mwenye nguvu.

Tazama mungu wa mwaka 2045. Anakaa wapi? Kwenye seva. Seva inakaa wapi? Kwenye jengo lenye mitambo ya kupoza hewa. Mitambo inatumia nini? Stima. Zaburi ya 121 inatuambia kwamba mlinzi wa Israeli hasinzii wala halali. Huyu wetu mpya, tokeni zikiisha, amelala. Anamtegemea fundi wa jenereta, anamtegemea mchimba madini wa Kongo, anamtegemea kijana wa zamu ya usiku asisinzie. Hiyo si dhihaka. Ndiyo maana halisi ya neno "kiumbe": aliye hai kwa kutegemea.

Na kuna jambo la kuchekesha kwenye kalenda. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Mifumo ya zamani iliyoweka hesabu hiyo kwenye biti 32 itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za Kenya, na sekunde inayofuata itadhani ni Desemba 1901. Mifumo mingi imerekebishwa, mingine bado imejificha ndani ya mashine ambazo hakuna anayezikumbuka. Yaani miaka saba kabla ya kuwa miungu, tuna kazi ya kuzizuia mashine zetu zisisahau karne.

Mtu atasema hizo ni hitilafu tu, zitarekebishwa. Sawa. Lakini kuna mipaka isiyorekebishwa. Mwaka 1936 Alan Turing alithibitisha kwa hisabati kwamba hakuna programu moja inayoweza kupewa programu nyingine yoyote na data yake, ikasema kwa hakika kama itafika mwisho au itazunguka milele. Si kwa sababu mashine za wakati huo zilikuwa dhaifu. Haiwezekani kwa mashine yoyote ya kukokotoa, hata ukiipa muda na nafasi bila kikomo. Sisemi kwamba Turing alithibitisha Mungu yupo, hakufanya hivyo. Nasema tu kwamba kujua yote hakupatikani kwa kuongeza kompyuta.

Hoja ya pili: wanachoahidi si uzima, ni nakala.

Hapa naomba waandishi wa programu wenzangu wanisikilize vizuri. Ahadi kubwa ya imani hii ni kwamba siku moja akili yako itasomwa kutoka kwenye ubongo na kuhamishiwa kwenye mashine, nawe utaishi humo bila kufa.

Sote tunajua amri mbili: cp na mv. Ya kwanza inanakili faili, ya pili inahamisha. Ukihamisha faili ndani ya diski moja, data haisogei, ni jina tu linaloandikwa mahali pengine. Lakini ukihamisha kutoka diski moja kwenda nyingine, mv hufanya nini? Inanakili, kisha inafuta ile ya kwanza. Hakuna njia nyingine. Sasa ubongo na seva si diski moja. Kwa hiyo kinachoitwa kuhamishwa ni kunakiliwa kisha kufutwa. Nakala inaweza kuamka ikacheka utani wako, ikamwita mkeo kwa jina lile la nyumbani. Wewe umezikwa Lang'ata.

Kama huamini, fikiria wasipofuta ya kwanza. Wewe umekaa kitini, nakala iko kwenye skrini. Kisha daktari anakwambia, "Kazi imekamilika, sasa tunaweza kuutupa mwili." Utakubali?

Na hata hiyo nakala iko mbali. Kuna mnyoo mdogo wa takriban milimita moja, C. elegans, mwenye seli za neva 302 tu. Ramani ya jinsi zinavyounganika ilichapishwa mwaka 1986. Mwaka 2011 ulianza mradi wa wazi wa kumwiga mnyoo huyo ndani ya kompyuta, mradi wa watu wazuri wanaofanya kazi nzuri, na hadi leo hatujampata mnyoo kamili. Ubongo wa mtu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Mimi sisemi haitawezekana kamwe kuziiga. Nasema tusimtangaze mungu kabla hatujammaliza mnyoo.

Mkristo hapingi hamu ya kushinda kifo. Paulo mwenyewe, katika 1 Wakorintho 15, anakiita kifo adui. Kurzweil alifiwa na baba yake mwaka 1970, akiwa kijana wa miaka 22, na kwa miaka mingi ameweka barua, nyaraka na muziki wa mzee huyo kwa nia ya kutengeneza mfano wake wa kuzungumza naye. Sioni cha kucheka hapo. Mtu amemkosa baba yake. Lakini tumaini la Kikristo ni kwamba yule yule aliyelala ataamshwa, na mwili wake, kwa jina lake, na yule yule aliyemuumba. Nakala inayoongea kwa sauti ya baba ni kinyago cha baba. Itampa mwana majibu bila kumrudishia mzee uhai.

Hoja ya tatu: mungu huyu mpya ana wahudumu, na wahudumu wake tunawajua.

Harari mwenyewe ni mwangalifu. Anasema hamaanishi Mungu Mwenyezi wa Biblia, anamaanisha miungu ya aina ya Wagiriki: viumbe wenye uwezo mkubwa na bado wenye tabia zao. Nashukuru kwa ufafanuzi huo, kwa sababu unaniogopesha zaidi. Miungu ya Wagiriki ilikuwa na nguvu bila utakatifu. Ilipora, ilionea wivu, iliwachezea watu kama kete za bao. Nani kati yetu Waafrika anahitaji kuelezwa maana ya mwenye nguvu asiyewajibika kwa mtu?

Mwaka 2023, mwezi Januari, jarida la Time liliripoti kuhusu vijana wa Nairobi waliosoma na kuweka alama kwenye maandishi ya unyama wa kila aina, ubakaji, mateso, watoto kudhulumiwa, ili akili bandia ijifunze kuyatambua na isiyarudie. Malipo waliyopeleka nyumbani yalikuwa kati ya takriban dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Wengine walisema kazi ile iliwaumiza akili. Hao ndio waliofagia hekalu la mungu anayekuja. Majina yao hayamo kwenye vitabu vya mwaka 2045.

Upande wa pili wa dunia, mtu anaweza kulipa zaidi ya dola 200,000 mwili wake ugandishwe huko Arizona akisubiri sayansi ije imfufue. Wa kwanza kugandishwa alikuwa James Bedford, Januari 1967. Angali anasubiri.

Naomba usinielewe vibaya. Sina wivu na pesa ya mtu. Ninachouliza ni hiki: thamani ya mtu inatoka wapi? Kama mtu ni thamani kwa sababu ya uwezo wake wa kufikiri, na uwezo huo unaweza kuongezwa kwa wenye fedha, basi aliyeongezewa ni mtu zaidi, na asiyeongezewa ni mtu kidogo. Na nyanya aliyesahau majina ya wajukuu wake je? Na mtoto aliyezaliwa na ubongo usiokua? Kwa hesabu hiyo hao ni mashine mbovu. Kwa Mwanzo 1 hao wana sura ya Mungu, yote, bila kupungua hata chembe, kwa sababu sura hiyo hawakuipata kwa kufaulu mtihani. Ndiyo sababu naona fundisho la kwamba mtu ni mtu, si mungu, ndilo linalomlinda mnyonge. Tukianza kupandishana vyeo vya umungu, lazima wapatikane wa kuwa chini.

Hoja ya nne: njia yenyewe imegeuzwa.

Nyoka wa Mwanzo 3 alimwahidi mwanamke kwamba wakila watakuwa kama Mungu. Ujanja uko hapo hapo, maana walikuwa tayari wameumbwa kwa mfano wake. Aliwauzia kwa bei ya mauti kitu ambacho sehemu yake iliyo halali walikwisha kupewa bure.

Halafu Mwanzo 11. Wengi husahau kwamba Babeli ni hadithi ya teknolojia. Biblia inataja kwamba walitumia matofali badala ya mawe, na lami badala ya chokaa. Ulikuwa uvumbuzi. Kosa halikuwa tofali. Kosa lilikuwa lengo: kufika mbinguni na kujifanyia jina. Na mwandishi anaweka utani mtamu, kwamba mnara ulikuwa mrefu hivyo, na bado Mungu ilimbidi ashuke ili auone.

Ezekieli 28 ndiyo sura ambayo ningependa kila tajiri wa teknolojia aisome. Inamhusu mtawala wa Tiro, mji wa biashara. Mtu mwerevu, amepata mali kwa akili yake na kwa biashara, moyo ukapanda mpaka akajiona mungu. Nabii anamuuliza kama atasema hivyo hivyo mbele ya yule atakayemuua. Swali hilo bado halijajibiwa na mtu yeyote aliyedai cheo hicho, wa Tiro, wa magharibi mwa Kenya au wa California.

Sasa linganisha na Wafilipi 2. Pale Yesu, aliye na namna ya Mungu, hakuing'ang'ania hali hiyo. Alishuka. Akawa mtu, akawa mtumishi, akafa kifo cha aibu. Watu wanapanda ngazi wakimtafuta mungu juu, wanapishana naye akishuka na ndoo ya maji kuosha miguu. Ukitaka kujua umungu wa kweli una sura gani, tazama huko, na utaona kwamba hakuna anayeugombania.

Najua maswali mawili yatakuja, kwa hiyo niyajibu sasa.

Swali la kwanza: kwani Biblia yenyewe haisemi sisi ni miungu? Wapo wahubiri wanaofundisha kwamba kila aliyeokoka ni mungu mdogo, anayeumba kwa kinywa chake, na wanatumia Zaburi ya 82. Basi wasome mstari unaofuata. Wanaoitwa miungu pale wanaambiwa hapo hapo kwamba watakufa kama watu wengine, kwa sababu walihukumu kwa dhuluma na kuwaacha maskini na yatima. Ni karipio, si cheti cha kupandishwa cheo. Yesu anapoitaja Zaburi hiyo katika Yohana 10 anajibu mashtaka ya kukufuru, hafungui shule ya miungu wadogo.

Ni kweli pia kwamba 2 Petro 1 inasema tunashirikishwa tabia ya Uungu, na ndugu zetu wa Kanisa la Othodoksi, ambao wako wengi hapa Kenya, wanafundisha tangu enzi za Athanasio wa Aleksandria kwamba Mungu alifanyika mtu ili mtu afanywe mshirika wa uungu. Siwapingi. Lakini tazama vitenzi: kushirikishwa, kufanywa. Chuma kikiwekwa motoni kinakuwa chekundu na cha moto, lakini hakijawa moto, na kikitolewa kinapoa. Hiyo ni zawadi inayopokelewa, na mpokeaji anabaki mpokeaji milele. Kurzweil hasemi habari ya zawadi.

Swali la pili: kwa hiyo tuache dawa, tuache utafiti? La hasha. Yesu aliponya wagonjwa, hakuwaambia wavumilie kwa sababu wao ni viumbe. Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zimewarudishia watoto wazazi wao. Mashine ndogo ya kusaidia moyo kupiga ni kazi njema. Kumponya mtu ni kumrudishia utu wake. Kinachokataliwa ni ile imani kwamba utu wenyewe ndio ugonjwa. Mimi nitaendelea kuandika programu kesho, na hizi za akili bandia nitazitumia pale zinaposaidia. Tofali si kosa.

Katika Matendo 14, watu wa Listra walimwona Paulo akimponya kiwete, wakataka kuwatolea yeye na Barnaba dhabihu kama miungu. Hapo palikuwa na nafasi nzuri ya biashara. Lakini wawili wale walirarua mavazi yao, wakaruka katikati ya umati wakipiga kelele kwamba wao ni watu tu. Na kumbuka, walikuwa na muujiza wa kweli mkononi, si utabiri wa mwaka 2045.

Hicho ndicho kipimo ninachokuachia, msomaji. Anapokuja mtu mwenye uwezo wa kushangaza, awe mhubiri, mwanasiasa au mwenye kampuni, angalia anafanya nini umati unapoanza kumsujudia. Kama anararua vazi lake, msikilize. Kama anatoa namba ya till, funga mkoba.

Hayo ndiyo maoni yangu. Wewe waonaje? Kama unaona nimekosea kwenye cp na mv, nionyeshe amri ya tatu.